Herufi za Mawifi

Asubuhi ile Rula aliamka kabla ya kengele ya simu, akaoga haraka, akavaa blauzi aliyoitunza kwa siku za maana. Hakuwa na harusi wala usaili. Alikuwa na ukurasa mmoja.

Jina la Rula alibandikwa na wifi yake, mke wa kaka yake, kwa kuwa hapakuwa na kitu alichokiamini duniani kuliko rula. Wote wawili walisanifu herufi za kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Rula alichora za Kilatini. Wifi alichora za Kiarabu. Sasa walikuwa wakitengeneza fonti moja yenye herufi za aina zote mbili, kwa ajili ya kitabu cha hadithi za watoto. Hadithi ileile, kwa Kiswahili kilekile, ingeandikwa kushoto kwa Kilatini na kulia kwa Kiarabu, mstari kwa mstari.

Mhariri wa kampuni ya vitabu hakuzunguka mbuyu. Angekuja adhuhuri kutazama ukurasa wa mfano. Mistari ikipatana, kingechapwa kitabu kimoja. Isipopatana, vingechapwa viwili, kila mwandiko kivyake, na mjadala ungefungwa. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa Rula lilikuwa jambo la nyumbani. Mama yake alisoma herufi za Kiarabu tu. Binti yake alisoma za Kilatini tu. Rula alitaka wawili hao wafungue kitabu kimoja, kwenye kochi moja, kila mtu kwa macho yake.

Ukaidi ulikuwa wa herufi zenyewe. Za Kilatini hukaa juu ya mstari kama watu kwenye benchi. Za Kiarabu zina mwendo wake: hii imesimama wima, ile imeinama, nyingine inatupa mkia chini ya benchi bila kuomba radhi. Ukizipa zote ukubwa uleule kwenye kompyuta, za Kiarabu huonekana ndogo, kama mtu anayenong'ona sokoni. Ukurasa wa jana ulikuwa hivyo hasa. Mawifi waliutazama, wakanuna, wakakubaliana kwamba leo wangetafuta dawa pamoja. Kisha kila mmoja akabeba kompyuta yake akaenda zake.

Wifi aliingia macho yakimng'aa. Rula naye alikuwa akibana kicheko. Kila mmoja alikuwa na habari njema asiyotaka kuisema kabla ya kuionyesha. Waliunganisha kazi zao, printa ikakohoa, karatasi ikatoka.

Kiarabu kilikuwa jitu. Alifu zilisimama kama nguzo za umeme, na Kilatini kando yake kilitambaa kama siafu.

Rula alimuuliza wifi kama kompyuta yake imelogwa. Wifi alimuuliza Rula kama rula yake imevunjika. Baada ya kurushiana maneno kidogo, ukweli ulijitokeza. Jana jioni Rula alizipunguza herufi zake ili zilingane na za wifi. Jioni hiyohiyo wifi alizikuza zake ili zimfikie Rula. Kila mmoja aliutibu ugonjwa wote peke yake, na dawa mbili zikawa sumu.

"Kumbe una adabu, wifi," alisema yule wa Kiarabu. "Miaka yote hii nilidhani umeiacha kwa mama yako."

"Ulimchukua kaka yangu bila kuniuliza, sasa unakuza herufi bila kuniuliza. Mimi nikufanyeje?"

Walicheka mpaka viti vikalia. Kisha walivamia kazi. Walirudisha ukubwa wa zamani wa Kilatini tu, na ukurasa ukafura wote: mikia ya wifi iliangukia vichwa vya mstari wa chini. Walirudisha ule wa Kiarabu tu, na mistari ikapatana, ila maandishi yakawa madogo kiasi kwamba mtoto angeazima miwani ya bibi yake. Jua lilikuwa limeshapanda hadi kizingiti cha dirisha. Moyo wa Rula ulikwenda mbio, lakini zilikuwa mbio tamu, za mtu anayehisi ufunguo ukikaribia kushika kwenye kufuli.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," wifi alisema. "Rudisha nusu yako, nirudishe nusu yangu."

Walifanya hivyo. Rula alipima kwa rula yake kwenye skrini na kila kitu kilikuwa sawasawa. Akapiga makofi. Wifi hakupiga. Aliichukua karatasi akaigeuza juu chini, kama walivyozoea kufanya walipotaka kuuona weusi wa wino bila maneno kuwavuta wasome. Rula alitazama, na mikono yake ikatulia. Upande wa Kiarabu ulikuwa bado umezama kidogo. Rula ilisema sawa. Jicho lilisema bado.

Alifungua droo, akaitia rula ndani, akaifunga.

"Pandisha upande wako," alimwambia wifi. "Kidogo. Tena kidogo. Hapo, usipumue."

Walichapa, wakageuza. Weusi ulitulia pande zote, kama shuka iliyotandikwa na watu wawili waliovuta ncha kwa nguvu sawa. Wifi alimkumbatia nusura amwangushe kwenye printa.

Mama na binti wa Rula walifika kwanza, kama alivyowaomba, na mhariri akaingia nyuma yao. Aliupokea ukurasa, naye akaugeuza juu chini. Kisha aliwauliza mawifi nani angeusoma. Rula aliuweka kwenye mapaja ya bibi na mjukuu.

Kidole cha mtoto kilianzia kushoto. Kidole cha bibi kilianzia kulia. Sauti zao zilisema maneno yaleyale, na vidole vikaufuata mstari mmoja mpaka vikagongana katikati.

"Bibi, umenikanyaga."

"Nani alikuja kwangu? Haya, mstari wa pili, tuone nani mwepesi."

Mhariri alinyoosha mkono kuuchukua ukurasa wake. Bibi hakuinua hata kichwa.

"Subiri, mwanangu. Hatujamaliza."

Mhariri alivuta kiti akaketi. Alitoa simu, akampigia mpigachapa, akamwambia kwa sauti ya chini, ili asiwakatize wasomaji, kwamba jalada la pili halitahitajika. Wifi alimfinya Rula mkono kwa nguvu. Rula naye akamfinya, bila kupima.