Vigelegele vya Theuri Mdogo

"Toa! Ama nitoe mwenyewe kwa hiyo kompyuta!" Murugi alimfokea binti yangu Lynn chumbani kwake, mtoto akilia mgongoni.

"Ni sauti tu, Murugi. Nimeikata, nimeigeuza. Hata haungejua."

"Nilijua nikiwa saluni! Ati vigelegele vya mtoto wangu, watu wanakatikia kiuno!"

Murugi ni mke wa mwanangu Kim. Alipojifungua, wanawake wa kanisa walisimama pale nje uani wakampokea Theuri mdogo kwa vigelegele vitano, haki ya mvulana kwa desturi yetu. Lynn alirekodi kwa simu. Sikujua anavipeleka kwenye wimbo. Yeye huimba na kurapu juu ya midundo, biti kama anavyoiita, anayoitengeneza kwa kompyuta chumbani, na huu ndio wimbo wa kwanza kumtoa, kumpa jina. Umechezwa Kerugoya, umechezwa Murang'a, na Jumamosi ameitwa jukwaani hapa Nyeri mjini. Bila vile vigelegele, anasema, wimbo hauna kitu.

Niliusikiliza tena. Sauti hiyo ilikuwa ya Tabby wa kwaya, mmoja wa waliopiga siku ile, au ya mashine? Kama ni mashine, mbona nywele zilinisimama? Na kama mtoto ameibiwa, ameibiwa nini, na yuko hapa amenona? Sikuelewa. Murugi alikuwa na haki yake, Lynn naye alikuwa na kazi yake.

"Amechukua baraka ya mtu, Mama," Murugi aliniambia. "Si angetumia zake?"

Lynn akacheka vibaya, akinitupia jicho mimi mamake. "Zangu? Uliza mathe ziko wapi."

Lynn alizaliwa wiki tuliyomzika baba yake, Theuri mkubwa. Nilitoka hospitalini nikaingia matangani. Hakuna aliyempigia hata kigelegele kimoja.

Sikujua kama kigelegele kikichelewa bado hupigwa. Hakuna mahali nimewahi kufundishwa hilo.

"Futa," nilimwambia.

"Mathe, shoo ni Jumamosi!"

"Futa vya Theuri, nikiona."

Akafuta, machozi yakimlengalenga. Murugi akashusha pumzi.

"Sasa washa hiyo maikrofoni ya kurekodi. Murugi, toka na huyo mtoto, anapiga kelele."

"Unataka kufanya nini?" Lynn aliuliza.

"Kukupa vyako. Ni vitatu, wewe ni msichana."

"Lakini biti inataka vitano!"

"Hiyo mtapanga na kompyuta yako."

Nilifunga dirisha, nikasogea kwenye maikrofoni, nikapiga cha kwanza.