Barua ya Kumwondoa Lemuel

Vernell Tisdale alikuwa akimwosha mteja nywele wakati Mchungaji Gaither alipoingia saluni bila hata kuvua kofia, gazeti mkononi.

"Dada Vernell, hebu soma hapa."

Gazeti la Wazungu la mji wao katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka ule wa 1962, lilisema madarasa ya kuwafundisha Weusi kujaza fomu za kupiga kura yanaongozwa na mkomunisti, Lemuel Stroud. Vernell, katibu wa madarasa hayo, alirudia kusoma. Lemuel huyu huyu, shemasi?

"Itabidi aondoke," Mchungaji alisema. "Jina hilo likitung'ang'ania, tumekwisha. Mwandikie barua."

"Kwani mkomunisti ni mtu gani hasa?"

Mchungaji alilitazama tena gazeti. "Ni mtu asiyemwamini Mungu."

"Si ndiye anayetuongozea maombi kila Jumatano?"

"Dada, wewe andika tu."

Akaandika, akaipeleka mwenyewe. Alimkuta Lemuel akipalilia maharage. Mzee aliisoma polepole, akaikunja mara nne.

"Ni kweli?" Vernell aliuliza.

"Mwaka wa thelathini na nne, kule Alabama, nilikuwa nalima shamba la mtu, tunagawana mazao. Wakaja watu wakasema mwenye shamba asipime pamba peke yake, na sisi tuwepo. Wakatoa karatasi, nikaweka dole gumba. Walikuwa na unga wa kugawa pia, sikufichi." Akacheka kidogo. "Kusoma nilikuwa sijui. Mpaka leo sijui ile karatasi ilisemaje."

"Sasa wewe ni mkomunisti au siyo?"

"Bi Vernell, hilo nilitaka nikuulize wewe. Si ndiwe uliyeandika?"

Vernell alirudi nyumbani hajui amkasirikie nani. Alhamisi Lemuel hakuonekana darasani, na hakuna aliyemuulizia. Walimu wengine waligawana wanafunzi wake huku wakikwepana macho.

Wiki iliyofuata gazeti likatoka tena. Madarasa yanaongozwa na mkomunisti, na safari hii jina lilikuwa Vernell Tisdale. Mchungaji alimpigia simu. "Nilidhani wangetuacha," alisema.

Jumatatu Vernell alikwenda mahakama ya kaunti kujiandikisha kupiga kura. Karani, mama wa Kizungu wa makamo, alimkodolea macho aliposikia jina lake.

"Vernell, wewe ni mkomunisti?"

"Sijui, bibi. Nieleze ni mtu wa namna gani, nikujibu sawasawa."

Karani akageuka kumtazama mwenzake wa meza ya nyuma. Yule akapandisha mabega.

"Ni... watu wanaovuruga mambo," karani alisema, uso umemwiva. "Njoo kesho."

Akashusha kidirisha.

Vernell aliikunja fomu tupu iliyokuwa mbele yake. Kisha akashuka ngazi, akaelekea kwa Lemuel. Cha kumwambia alikuwa bado hajakipata.