Bomba la Shaba

Mtwara nzima hakuna aliyelijua garimoshi letu kuliko mimi, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote aliyesema vingine. Lilipoacha kuja, mwaka sitini na mbili, nilikuwa na miaka kumi na minne. Reli zikang'olewa, watu wazima wakatazama tu. Mimi nilipofika miaka kumi na saba nikatunga shairi. Likasomwa redioni. Kina mama wa Rahaleo wakalitia ngoma, na kiongozi wao, Bi Somoe, hakukubali harusi iishe bila kuliimba:

Mabehewa yalo saba,
na bomba lake la shaba.

Kwa hiyo mwaka sabini na tatu, nikiwa fundi wa kuchomelea katika gereji moja ya Magomeni, hapo hapo Mtwara, niliposema nitaliunda upya garimoshi lile, dogo, la kufika kiunoni, livute watu saba siku ya Saba Saba, hakuna aliyecheka. Labda wawili. Hao nilikuwa nimeshagombana nao.

Reli nilizipata kwenye shamba la mkonge lililofungwa, zile nyembamba za kusukumia troli. Mashine ilitoka kwenye pampu ya mvuke iliyokuwa ikiozea hapo hapo. Lakini mvuke si kitu cha kuchezea, na mtu pekee niliyemjua aliyewahi kuishi nao ni Mzee Faustino. Alikuwa mchochea moto wa garimoshi lile kwa miaka minane. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, naye reli ilipokufa alirudi mtoni, Kitaya, akalima mpunga. Nilimfuata huko huko. Aliniuliza swali moja tu: litakuwa lile lenyewe, au mfano wa lile? Nikamwambia lile lenyewe. Akachukua kofia yake, akaja kukaa kwa dada yake Magomeni.

Picha hatukuwa nayo hata moja. Tulichokuwa nacho ni mikono ya Mzee Faustino. Alikaa juu ya pipa, akafumba macho, akaanza kufanya kazi yake ya zamani hewani. Hapa anafungua mlango wa tanuri. Hapa anasoma kipimo cha maji. Hapa goti lake la kushoto linaungua, kwa hiyo tanuri liko hapa, si pale. Mimi nikazunguka na kamba, nikipima kila mkono ulipoishia, kisha tukagawa kwa tatu. Siku nyingine aliinama ghafla akiwa amefumba macho, nikamuuliza kuna nini. Akasema daraja. Kwa miezi miwili tuliunda boila, magurudumu na mabehewa saba kwa namna hiyo, na sikubishana naye hata mara moja, jambo lililomshangaza mama yangu.

Bomba la moshi sikumuuliza. La nini, wakati mji mzima unaliimba? Nilikwenda Mikindani kwenye duka la Mzee Mohsinali, nikamweleza mkewe, Aminabai, shida yangu. Akanitolea sufuria ya shaba iliyokuwa ya mama mkwe wake, nyeusi kwa miaka ya kupikia pilau, kwa sharti kwamba yeye atakaa behewa la kwanza. Niliisugua siku mbili kwa ndimu na mchanga. Nikaikata, nikaikunja, nikaisimamisha juu ya boila. Ilikuwa imebaki wiki moja kufika Saba Saba.

Mzee Faustino aliingia gereji, akasimama.

"Hii nini?"

"Bomba, mzee."

"La garimoshi gani?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakuwa akitania. Akasema bomba lilikuwa la chuma, jeusi. Nikamwambia mji mzima unajua lilikuwa la shaba.

"Mji mzima haukuwa na mimi Jumamosi," akasema. "Kila Jumamosi nilipanda pale juu na masizi na oili chafu, nikalipaka mpaka ulione uso wako ndani ya weusi. Miaka minane. Sasa niambie wewe, kama lilikuwa la shaba, mimi nilikuwa napaka nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nilimjibu kwamba uzee unasahaulisha.

Aliweka spana chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema basi la Kitaya linaondoka asubuhi, na kwamba garimoshi la shaba nitafute mtu wa shaba aliendeshe.

Bila yeye hakuna mvuke, na bila mvuke siku ya Saba Saba nitasimama mbele ya Mtwara nzima na kitanda cha chuma chenye magurudumu. Lakini sikwenda kumwomba radhi. Nilikwenda kutafuta mashahidi. Nilichukua karatasi, nikapita kwa muuza nyama, kwa fundi cherehani, kwa makuli wa bandarini. Wote walikumbuka. La shaba, walisema, bomba lake la shaba, na mabehewa saba. Nikaandika majina sita kwa hasira na furaha.

Jina la saba lilikuwa la Mohamedi, muuza kahawa. Bi Somoe alikuwa hapo amekaa, kikombe mkononi.

"Nililiona kwa macho yangu haya," Mohamedi akaapa. "Liking'aa mpaka nikafumba jicho moja."

"Mohamedi," Bi Somoe akasema, "wewe ulihamia hapa kutoka Tunduru mwaka gani?"

"Sitini na nane."

Mohamedi akaanza kufuta vikombe vilivyokwisha kufutwa.

"Sasa na wewe, Lukasi mwanangu," Bi Somoe akanigeukia. "Hiyo shaba uliiona, au ulitafuta kina?"

Nilifungua mdomo nigombe. Badala yake nikajiona nina miaka kumi na saba, nimeshapata neno saba, nahangaika kulitafutia mwenzake. Nilijaribu haba. Nilijaribu tiba. Ilipokuja shaba niliruka kwa furaha. Ile furaha naikumbuka vizuri. Bomba lenyewe silikumbuki kabisa.

Nikamwomba mama lishe wa jirani masizi ya sufuria zake, nikachota oili chafu gereji, nikang'oa bomba, nikaenda nalo kwapani mpaka kwa dada yake Mzee Faustino. Nilimkuta anafunga mzigo. Maneno ya kuomba radhi sikuyazoea, na siku hiyo hayakunijia.

"Leo si Jumamosi, mzee," nikasema, nikaanza kupaka.

Aliuacha mzigo, akasogea.

"Masizi mengi mno," akasema. "Ongeza oili." Kisha akakunja mikono ya shati.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa. Aminabai alipoliona bomba alisema sufuria ya mama mkwe imerudia rangi yake, akaketi behewa la kwanza. Mvuke ukapanda, Mzee Faustino akafungua, na garimoshi likaondoka na watu saba huku watu wazima wakilia bila aibu. Ndipo kina mama wa Rahaleo wakaanza: mabehewa yalo saba, na bomba lake la shaba.

Garimoshi likasimama. Watu wakadhani mvuke umekwisha. Mzee Faustino alikuwa amefunga kwa makusudi, na sasa amekunja mikono.

"Waambie," akaniambia.

Nikapanda juu ya sanduku la kuni. Nikaimba kwa sauti yangu iliyozoea kugomba:

Mabehewa yalo saba,
bomba jeusi, si shaba.

Bi Somoe aliuonja ule mstari mdomoni, akatikisa kichwa kukubali, na ngoma ikaudaka. Mzee Faustino akasubiri wauimbe mara tatu, asije akasikia vibaya. Kisha akavuta filimbi, tukaondoka. Kwenye behewa la sita Mohamedi alikuwa amemgeukia aliye nyuma yake, akimweleza kwamba bomba lile lilikuwa jeusi, na yeye alikuwa akisema hivyo siku zote.