Bitana ya Kona Tisa

Picha ya njia ya mbio iliwafikia ikiwa ndogo kama kiganja, imefifia, na pembeni mwake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu idadi ya kona: tisa. Waandaaji waliona inatosha, kwa kuwa karibu wote walioshiriki mashindano yale ya ridhaa walikulia jirani na uwanja, au walikwisha kuendesha humo miaka iliyotangulia. Mwalimu wa udereva hakuwa mmoja wao. Hakuwahi kuuona uwanja ule, na katika umri wake wote hakuwahi kushindana na mtu kwa gari.

Mkewe, fundi cherehani, aliigawa picha ile kwa miraba, na kwa jioni mbili akaikuza juu ya kitambaa chepesi cha bitana kilichokuwa kimesalia kutoka kazi ya makoti. Alichora kwa chaki, akapitisha gurudumu lake dogo la meno la kutia alama, kisha akaishona njia nzima kwa uzi mnene mweusi. Alipomaliza, kitambaa kilitanda sebuleni kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha, na mtu aliyevua viatu aliweza kuifuata njia kwa nyayo bila kuitazama.

Hilo la kutotazama ndilo lililokuwa kiini cha mpango wote, na walilijua wawili tu. Macho ya mwalimu yalikuwa yakifunga kutoka kandoni kuelekea kati. Daktari alimweleza kwamba uono uliobaki ni kama wa mtu anayechungulia katika bomba, na kwamba bomba lenyewe litazidi kuwa jembamba. Jumanne baada ya mbio angepimwa kwa mara ya mwisho, na kuisalimisha leseni yake. Hadi siku hiyo alitakiwa asiendeshe usiku wala penye watu. Mwalimu aliacha kukaa na wanafunzi siku ileile, akasingizia mgongo. Kisha akasikia habari za mbio ambazo gari huingia njiani moja moja, likipimwa kwa saa, katika shamba lisilo na hata mpita njia, na tangu hapo hakuzungumza jambo jingine.

"Nataka mzunguko mmoja," alimwambia mkewe. "Mmoja tu, kwa kasi, peke yangu. Miaka ishirini na mitatu nimekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki, nikingoja wengine wakosee. Mimi sijawahi kuendesha gari, Fundi. Nimelizuia tu."

Fundi aliichukua picha ile ndogo. Alichoweza kumpa ni kitambaa.

Kwa majuma sita, kila alasiri, mwalimu alijifunga leso machoni akaitembea bitana huku midomo yake ikihesabu: kushoto kali, hatua nne, kulia pana, nyoosha, kushoto tena. Mwanzoni aligonga fremu ya mlango hadi nyonga ikavilia damu. Juma la tatu alitembea bila kusita. Juma la tano alihamia kwenye kigoda, sinia mikononi badala ya usukani, na mikono yake ikageuka kabla ya midomo kusema. Fundi alishona kando yake akisikiliza. Mumewe alipokosea, alikohoa. Juma la sita hakukohoa hata mara moja, na badala ya kufurahi alishikwa na hofu ambayo hakuweza kuipa jina. Aliiweka kando kwa kushughulika na maandalizi, maana huko walikokuwa wakienda walionywa kwamba hata msumari haupatikani: matairi mawili ya akiba, madumu ya petroli na ya maji, turubai, kamba, kofia ngumu, dawa ya kidonda.

Gari lilikuwa mikononi mwa mdogo wake wa kiume, makanika, ambaye hakuambiwa habari za macho. Lilikuwa gari chakavu la kufundishia. Makanika aling'oa viti vya nyuma, akang'oa na breki ile ya upande wa abiria, akachomelea vyuma vya kulinda paa, huku akimtania shemeji yake kwa jina alilobandikwa na wanafunzi, Polepole. Alitaka kujua kama ampakie na godoro, kwa sababu kwa mwendo wa Polepole mzunguko mmoja huenda ukachukua siku mbili. Mwalimu alicheka kuliko wote. Hata hivyo, makanika alipopendekeza kwa dhati kwamba waende juma moja mapema wakaione njia, mwalimu alikataa. Safari ilikuwa ya kutwa nzima, lori la kubebea gari lilipatikana Ijumaa tu, na isitoshe, alisema, njia ile sasa anaijua kuliko waliozaliwa juu yake.

Fundi aliyasikia maneno hayo, akayaunga mkono.

Walifika Ijumaa saa kumi. Uwanja ulikuwa shamba lililofyekwa, njia ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, matairi yaliyopakwa chokaa kila penye kona, na banda la mabati lenye meza moja. Msimamizi, mama wa makamo mwenye kofia pana ya majani, aliwapa namba kumi na nne ya kubandika mlangoni, akawaeleza kwamba gari haliruhusiwi njiani hadi asubuhi, ila kwa miguu watembee watakavyo. Mwalimu alivua viatu. Makanika alipomuuliza kama anaingia msikitini, alijibu kwamba miguu yake ndiyo iliyosoma, basi acha ifanye mtihani.

Alianza kutembea kwenye mstari wa kuanzia, uso mbele, na mkewe akimfuata hatua tatu nyuma. Alihesabu. Ilipotimia hesabu ya kona ya kwanza aliinama kushoto, na mguu wake ukaingia majanini.

Alirudi mstarini, akaanza upya. Majani tena. Safari hii hakurudi. Alisimama, akageuza kichwa taratibu kama mtu anayemulika chumba kwa kurunzi, hadi akayapata matairi meupe. Yalikuwa kulia.

"Umbali ni uleule," alisema. "Ni upande tu."

Fundi alielewa. Bitana hukatwa kinyume. Koti linapokuwa na upande mmoja usiofanana na mwingine, bitana yake hukatwa kinyume cha kitambaa cha juu, kwa sababu hukaa imegeukia ndani. Asiyejua hivyo hupoteza koti zima. Aliyajua hayo tangu akiwa mwanagenzi, na kwa miaka thelathini mikono yake haikuwahi kuikata bitana kwa namna nyingine. Alipoitandaza ile ya sebuleni, mikono ilifanya kazi yake. Haikumuuliza. Kushoto kukawa kulia na kulia kukawa kushoto, kona zote tisa, na katika majuma sita kosa hilo halikumkohoza, kwa kuwa lilikuwa kitambaa chenyewe.

Alimweleza hapohapo. Hakutafuta maneno ya kujipunguzia, na mwalimu hakumlaumu. Alisema kwamba dawa ni nyepesi: atabadilisha tu, kila kushoto aseme kulia. Wakaizunguka njia yote hivyo. Mdomo ulibadilisha. Mikono, aliyoishika mbele yake kana kwamba imebeba sinia, iliendelea kugeukia ilikofundishwa, na kila mara ilipokosea alitulia kidogo kama mtu aliyetukanwa na mwanawe mbele ya wageni. Mtu mwenye macho kamili angeiona kona inakuja, akasahau aliyojifunza, akakata usukani. Yeye angeyaona matairi yakiwa yamekwisha kumfikia.

Makanika aliwakuta kwenye kona ya sita, akauliza kulikoni hata mtu azunguke shamba kama anayetafuta sindano. Fundi aliona hakuna tena cha kusitiri. Akamwambia yote, ya bitana na ya macho.

Makanika hakutania. Alikaa juu ya tairi. "Dada," alisema, "breki ya pili nimeing'oa kwa mikono yangu mwenyewe. Nawe ulikuwa unanishikia taa."

"Ningekuambia usingelitengeneza gari."

"Ndiyo. Nisingelitengeneza."

Mwalimu aliingilia kati kwa upole, akasema kwamba asiwagombanishe watu wa tumbo moja, uamuzi ni wake. Shemeji yake alimkumbusha kuwa hata kwa mwendo wa pole mzunguko ni mzunguko. Aende taratibu, azione kona, arudi salama.

"Polepole nimekwisha kwenda," alijibu mwalimu. "Maisha yangu yote, bwana. Sikuja huku kwenda polepole."

Usiku huo walilala chini ya turubai. Kulipopambazuka, mume na mke walikuwa njiani tayari. Waliizunguka mara saba, umande ukiwalowesha hadi magotini. Kwenye mzunguko wa tatu mikono iliikubali kona ya kwanza. Kwenye wa tano ikaikubali ya pili na ya tisa. Kwenye wa saba ya nne ilikubali, lakini ya kwanza ikapotea tena, na mwalimu alipogundua hivyo aliketi chini katikati ya njia, akajifunika uso. Fundi hakupata kumwona akilia katika miaka yote ya ndoa yao, wala hapo hakumwona; aliona mabega tu. Alipomgusa, alisema bila kuinua kichwa kwamba tatu zinatosha. Nyingine atazijua akizifikia. Alisema neno hilo, akizifikia, kama mtu anayeomba asijibiwe.

Saa tatu walirudi kulisimamia gari. Mbio zingeanza saa nne. Magari yalikuwa yamejipanga, watu wakicheka na kukopeshana spana, na mwalimu alivaa kofia ngumu mapema mno, akakaa nyuma ya usukani akitazama mbele. Uso wake ulitulia. Fundi alijua utulivu ule. Alikuwa ameuona kwa wateja wanaolivaa vazi lisilowatosha, wakajiambia kwamba litatanuka.

Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayemlaumu. Kukaa kimya kungekuwa ni heshima, kungekuwa ni mapenzi, na kila mtu angemwelewa. Yeye ndiye aliyeiharibu njia ile kwa mikono yake. Ana haki gani tena ya kumnyang'anya hata kilichosalia? Swali hilo lilimfuata hatua kwa hatua kupita gari la tatu, gari la saba, gari la kumi, hadi kwenye banda la mabati. Alipofika mezani alikuwa bado hajalijibu. Msimamizi aliinua kofia yake ya majani, akamuuliza amsaidie nini, mama.

Alisema. Sentensi tatu zilitosha. Msimamizi aliiweka kalamu chini, akamuuliza kama mumewe anajua amekuja. Fundi alitikisa kichwa. Basi mama yule alisimama, akaenda mwenyewe hadi kwenye gari, akainama dirishani na kuzungumza kwa sauti ya chini, kisha akaibandua namba kumi na nne mlangoni taratibu, kuanzia kona moja ya karatasi, ili isichanike.

Mwalimu alibaki ndani ya gari mpaka gari la kwanza liliponguruma. Ndipo alipotoka, kofia ngumu ikiwa bado kichwani.

Fundi alikuja kutoka ubavuni, upande ambao mumewe hakuweza tena kuuona, naye hakujua kama yupo hadi alipozungumza.

"Ni mimi niliyemwambia."

"Najua. Hakuna mwingine mwenye moyo huo." Sauti yake haikuonyesha kama ilikuwa ni sifa au ni tusi. "Ungeniachia, Fundi. Kona moja tu. Ungeniachia hata hiyo moja."

"Nisingeweza."

"Ndiyo. Hukuweza."

Hawakuweza kuondoka, kwa sababu lori lilikuwa limezibwa na magari ya watazamaji, kwa hiyo iliwabidi kukaa hadi gari la mwisho. Makanika aliwaletea viti viwili vya kukunja, akaenda zake kujifanya anafunga kamba. Mwalimu alikielekeza kiti chake kwenye kona ya kwanza, ambako magari yalitokea katika bomba lake dogo la uono, yakapita, yakapotea. Hakutoa maoni juu ya yeyote. Mkewe aliketi kandoni mwake. Gari la tano lilipopita alitambua kwamba hapo alipo, kwa mumewe, ni sawa na kutokuwepo kabisa. Akainuka, akakibeba kiti chake, akakiweka mbele kidogo kuelekea njiani, mahali ambapo mtu anayetazama ile kona asingeweza kumkwepa, akakaa na kumpa mgongo.

Vumbi la gari la sita lilimfikia yeye kabla halijamfikia mumewe. Alingoja kusikia kiti nyuma yake kikigeuzwa upande mwingine. Gari la saba likapita, kisha la nane, na kiti hakikugeuzwa.