Watoto Waliopima Msingi Wangu

Mimi ni masoni. Nimejenga nyumba Butembo na Beni kwa miaka ishirini na miwili, na maduka mawili kule Kasindi, karibu na mpaka. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nataka mtu aelewe vile nilivyojisikia, mwaka jana, watoto wa miaka sita walipopima kazi yangu na kuikuta imepinda.

Mwalimu wao anaitwa Kavuo. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Mutwanga, aliyefika kwetu Butembo wakati watu walipokimbia vita. Katika shule ya kanisa letu alipewa mwaka wa kwanza: watoto hamsini na wanane na ubao mmoja wenye ufa. Binti yangu Bénite alikuwa mmoja wao.

Nilianza kuijua kazi ya Kavuo kwa usumbufu tulioupata nyumbani. Bénite alishika sahani akatangaza, "Hii ni cercle," yaani duara kwa Kifaransa cha shuleni. Mama yake, Falonne, alipokaanga sambusa, mtoto alimzuia mkono: "Mama, ngoja kwanza, nihesabu pembe." Siku moja alileta matete yaliyofungwa kwa kamba za migomba. Matatu yalikuwa yamefungwa kuwa pembetatu, na manne kuwa mstatili, ambao yeye anauita rectangle.

"Papa, sukuma hii ya mane."

Nikasukuma. Ikalala upande.

"Unaona? Matete ni yale yale, lakini haiko tena rectangle. Inalewa. Sasa sukuma ile ya tatu."

Nikasukuma ile pembetatu. Haikusogea.

"Nani alikufundisha hiyo?" nikamuuliza.

"Mwalimu hakutufundisha. Alituambia tu tusukume."

Jibu lile lilinikaa kichwani siku nzima. Mimi wanafunzi wangu wa umasoni nawafundisha kwa kelele.

Mwezi wa kumi, wazazi waliamua kuongeza darasa. Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, watu wakapandisha mawe mlimani, wengine kichwani, wengine kwa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Mimi nikapewa msingi. Wiki ile ile kazi nyingine ilikuwa inaningoja Beni, kwa hiyo nilifanya haraka. Nilipima urefu metre nane huku na nane kule, upana sita na sita. Kupima kutoka pembe hadi pembe, kwa kukatisha katikati, sikupima. Hata mwanafunzi wangu wa mwezi mmoja anajua kwamba hapo ndipo kosa linapojificha. Lakini niliamini jicho langu. Nikapanga mstari wa kwanza wa mawe, nikapanda pikipiki, nikaenda.

Niliporudi Ijumaa mchana, Kavuo alikuja nyumbani. Alikataa kiti.

"Papa Bénite, nakuomba musaada. Nilifundisha batoto kitu, sasa kinanishinda. Njoo unionyeshe fasi nilikosea."

Tukapanda mlima pamoja, Bénite mbele yetu. Pale kwenye msingi Kavuo alitoa kamba ndefu ya katani. Alinieleza kwamba aliwatoa watoto nje waone rectangle kubwa, maana za ubaoni ni ndogo. Waliivuta kamba kutoka pembe moja hadi ile inayoitazama, wakafunga fundo, halafu wakaipeleka kwenye pembe mbili zingine. Katika rectangle ya kweli, fundo lingefika pale pale.

Akampa Bénite ncha moja, mimi nikashika fundo. Nikavuta. Fundo halikufika kwenye pembe. Lilibakiza shibiri moja na nusu. Nikavuta tena kwa nguvu, kana kwamba kamba ndiyo mkaidi.

Nikakaa juu ya mawe yangu.

"Mwalimu, wewe hukukosea," nikasema. "Batoto banajua?"

"Banaona. Baliniuliza, 'Mwalimu, hii nyumba nayo inalewa?' Nikabaambia tutauliza fundi."

"Na direkta wa shule?"

"Direkta sikumuambia. Kazi ni yako. Wewe njo utasema."

Angeweza kunitangaza kanisani. Alikuja kwangu akijifanya ni yeye aliyekosea, ili nilione kosa langu kwa macho yangu mwenyewe. Mimi, kwa wanafunzi wangu, sijawahi kufanya hivyo hata mara moja.

Jumamosi wazazi walipofika na matofali, nikasimama mbele yao nikasema yote. Mzee Vagheni wa kamati ya wazazi alikasirika.

"Pande si ni sawa? Nani ataona? Endelea tu!"

"Bati zitaona, siku ya kuezeka hazitakaa sawa," nikamjibu. "Na batoto benu bameisha kuona."

Watu wakacheka kidogo, direkta akatikisa kichwa kwa masikitiko, lakini tukabomoa pande mbili.

Halafu Kavuo akaniomba jambo moja: watoto ndio washike kamba. Peke yangu ningemaliza mapema sana. Pamoja nao tulimaliza saa sita mchana. Mtoto mmoja kwenye kila kigingi cha pembe, wengine wamepanga mstari wakingoja zamu. Kila tulipovuta, Kavuo aliuliza, "Kamba inasema nini?" Kisha alingoja. Mimi nilijua jibu, ulimi uliniwasha, lakini yeye alinitazama tu, nikafunga mdomo. Mtoto mmoja alisema tusogeze kigingi kulia. Tukasogeza, ikazidi kuharibika. Kavuo hakumkemea. Yule mtoto akatazama, akafikiri, akasema mwenyewe, "Hapana, tukirudishe, tukipeleke kushoto."

Mwishoni fundo likagusa pembe zote. Wazazi walianza kupiga makofi, lakini msichana mmoja, Keren, akainua mkono. Kavuo akamwuliza anataka nini.

"Tupime tena, Mwalimu. Pengine nilivuta sana."

Tukapima tena. Fundo likafika pale pale. Hapo ndipo watoto walipopiga kelele, na mzee Vagheni akapiga kelele kuliko wote.

Darasa liliezekwa mwezi wa pili, na bati zilikaa sawa kutoka ukuta hadi ukuta. Sasa Kavuo anafundisha humo. Nikiwa na safari ya Beni, huwa nasimamisha pikipiki chini ya dirisha, nasikiliza anavyouliza na anavyongoja. Juma lililopita watoto walikuwa wanabishana kama yai ni cercle au hapana. Wengine walisema ndiyo, wengine walisema inategemea unalitazama kutoka wapi. Kavuo aliwaacha wabishane. Nilichelewa kazini karibu saa nzima, na bado hawakuwa wamemaliza.