Mafuta ya Nazi Kule Wundanyi

Mama mkwe wangu alikubali kwenda Wundanyi kwa sharti moja: achukue makaa yake.

"Makaa, mama?" nikamwuliza. "Huko milimani si ndiko kwenye kuni?"

"Kuni zao sizijui, na baridi yao siijui. Mimi naenda kumlinda mjukuu wangu. Siendi kupunga hewa."

Nassor, mume wangu, akanikonyeza ninyamaze. Alikuwa mfanyakazi wa reli pale Changamwe, na kila mwaka alipewa pasi ya kupanda treni na jamaa zake bila nauli, na kila mwaka aliiacha ikapita muda wake. Aende wapi? Kwetu Likoni, watu wa kwenda bara kupunga hewa walikuwa Wazungu. Joto likishika uliwaona kwenye feri, masanduku yamefungwa juu ya magari, watoto wao wamevishwa sweta kabla hata ya kuvuka. Sisi tulibaki na pepeo zetu za ukili.

Lakini mwaka ule wa sitini na mbili, nilikuwa nimekata shauri. Mwanangu Mwanasaumu, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alikuwa na pumu. Maleleji yakiingia, upepo umekufa na nguo hazikauki kambani, kifua chake kilipiga mluzi usiku kucha. Nilikuwa nikilala nimekaa, yeye amenilalia begani, nami nikihesabu pumzi zake badala ya kulala. Daktari wa hospitalini alisema, "Mkipata nafasi mbadilisheni hewa. Mahali pa juu, penye ubaridi." Alilisema upesi upesi, kama mtu anayejua kwamba halitafanyika. Neno lile likanikaa.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni la wanawake, Dorcas, alikuwa Mtaita wa Wundanyi. Nilipomwambia, hakufikiri mara mbili. "Njooni likizo hii ya Aprili. Baba alijenga chumba cha uani kwa ajili ya wageni, na wageni wenyewe hawaji. Mje mkakae mpaka shule zifunguliwe."

Aliyekataa ni Bi Barke, mamake Nassor. Alikataa kwa ukali nikadhani ni kiburi, mpaka Nassor aliponikumbusha habari ya Dhahabu. Dhahabu alikuwa dada mdogo wa Nassor. Alikufa angali mtoto, mwezi wa Julai, kusi likivuma, kwa kifua. Tangu hapo kwa Bi Barke baridi ilikuwa mtu, mwenye miguu, anayepita nyumba kwa nyumba akitafuta watoto.

"Na wewe wataka kumpeleka mjukuu wangu nyumbani kwa baridi mwenyewe!" aliniambia. Kwa hiyo Nassor akabaki kazini, naye akaja nasi, mimi na mtoto: na jiko la udongo, na gunia la makaa, na ubani, na blanketi za nyumba nzima, na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, ya kumkanda mtoto kifuani.

Jirani yetu alituona tukipakia gari la mkokoteni kwenda ferini. "Bi Barke, wahama?"

"Tunakwenda kupunga hewa kama Wazungu," akajibu kwa uchungu. "Mkaza mwanangu amesoma."

Ndani ya treni alikaa wima njia nzima. Voi tukangoja basi la milimani, na basi lilipoanza kupanda, likikata kona juu ya mabonde, akafumba macho akavuta uradi. Mwanasaumu yeye alikuwa amebandika pua kwenye kioo. Masikio yakatuziba, yakazibuka. Halafu hewa ikabadilika. Sijui niielezeje. Ilikuwa kama kunywa maji ya mtungi baada ya kutembea juani, ila wayanywa kwa pua.

Dorcas alitupokea sokoni. Alipoliona gunia alishika kiuno akacheka. "Shikamoo mama. Makaa yote haya? Si sisi ndio tunaoyateremsha huko kwenu?"

"Marahaba. Basi nimeyarudisha kwao."

Hata mimi nilicheka. Nikadhani mambo yatakuwa mepesi.

Kesho yake asubuhi Bi Barke akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kulthum!"

"Abee, mama."

"Njoo uone."

Alikuwa ameshika chupa ya mafuta ameipindua, mdomo chini. Hakikutoka kitu. Ndani mafuta yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa. Kwetu wakati wa kusi mafuta huingia ukungu kidogo, lakini sikuwahi kuyaona hivyo.

"Yamekufa," akasema.

"Yameganda tu, mama. Tukiyaweka juani yatarudi."

"Jua lipi? Hilo nalo waliita jua? Hata mafuta yamekufa, sembuse mtoto! Kesho tunarudi."

Mwanasaumu alikuwa amelala bila mluzi usiku ule, usiku wa kwanza tangu maleleji yaanze, lakini niliogopa kulisema, nisije nikalitia kijicho.

Jioni ile, baada ya alasiri, nilimwacha Mwanasaumu na nyanya yake, nikashuka na Dorcas mferejini kuchota maji. Njiani alinionyesha nyumba ya Mzungu juu ya kilima, yenye bomba la moshi na maua mlangoni. Mwenyewe alikuwa akijiandaa kurudi kwao Ulaya kabla ya uhuru.

"Iko siku," Dorcas akasema, "katika nyumba kama ile watakuja kulala mwalimu na mwanafunzi wake."

"Mwanafunzi na mama mkwe wake," nikasema. "Na gunia."

Tulikuwa bado tunacheka tulipogeuka. Kilima hatukukiona. Ukungu ulikuwa umeshuka kimyakimya, mweupe, umemeza nyumba na migomba. "Hivi ndivyo kila siku," Dorcas akasema. Lakini Bi Barke hakuwa na wa kumwambia. Nikauinua mtungi, nikapanda kwa haraka.

Chumba kilikuwa kimefungwa. Dirisha limefungwa, na chini ya mlango imesokomezwa kanga. Kabla sijagonga nilisikia ule mluzi.

Nikausukuma mlango kwa bega. Ndani hapakuwa na ukungu. Palikuwa na moshi. Jiko la udongo lilikuwa katikati ya chumba, makaa mekundu mpaka juu, ubani unafuka, na Bi Barke amekaa kitandani amemzungushia Mwanasaumu blanketi hata usoni kumebaki macho tu. Macho yenyewe yamemtoka. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Funga mlango!" Bi Barke akapiga kelele. "Moshi wa baridi umeingia mpaka kizingitini, nimeuona kwa macho yangu!"

"Mama, nipe mtoto."

"Humtoi nje. Wallahi humtoi."

Siku moja, katika darasa la jioni, Dorcas alipata kutuwashia mshumaa akaufunika kwa bilauri. Tulikaa kimya sisi wanawake wazima, tukiutazama moto ukizidi kuwa mdogo, ukazimika. Moto nao hula hewa, alisema, na hewa ikiisha huwa zamu ya nani? Wakati ule niliandika jibu. Sasa nililiona limekaa kitandani.

Niliweka mtungi chini. Nikalishika jiko kwa pindo la kanga, nikalitoa uani. Nikarudi nikafungua dirisha, wazi kabisa, na ule ukungu ukaingia. Bi Barke akalia kama amechomwa.

"Ukimwua huyu, Kulthum, sikupi radhi! Si duniani wala ahera!"

Radhi ya mama mkwe si neno dogo kwetu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Niwie radhi, mama. Nitakuomba maisha yangu yote. Lakini mtoto huyu hakosi joto, akosa hewa. Msikilize mwenyewe." Nikamchukua. Mikono ya Bi Barke ilimshika kidogo, kisha ikaachia.

Nikakaa naye barazani, nimemfunga mgongo na miguu kwa blanketi, uso nimeuacha wazi. Nilimkalisha wima, mgongo wake juu ya kifua changu, nikawa navuta pumzi polepole ili naye afuate. "Vuta kama mama. Toa kama mama." Ukungu ukatulowesha nyusi. Kucha zake zilikuwa zimenishika mkono. Dorcas aliwasha taa ya chemli akaitundika, akasimama pembeni.

Sijui tulikaa muda gani. Najua tu kwamba kwanza zile kucha zililegea. Baadaye mluzi ukawa mwembamba. Halafu Mwanasaumu akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, mawingu yamekuja kwetu."

"Ndiyo, yamekuja kukuamkia."

"Yana baridi."

"Yana baridi, mwanangu. Vuta."

Ndani nilimsikia Bi Barke akikunja blanketi na kufunga masanduku. Alipotoka mlangoni uso wake ulikuwa umesawijika. "Nakwenda na basi la asubuhi."

"Nitakusindikiza hadi kituoni, mama, nikubebee mizigo," nikasema. "Mimi na mtoto tunabaki."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Mimi mwenyewe nilijisikia kama nimesikia mtu mwingine akisema.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umeteremka bondeni, umelala huko kama pamba, na sisi tuko juu yake katika jua. Masanduku ya Bi Barke yalikuwa tayari mlangoni. Mwenyewe alikaa barazani amejifunga buibui, chupa ya mafuta ameibana katikati ya viganja. Mwanasaumu alikuwa akimfukuza kuku wa kina Dorcas baina ya kabichi, akipiga kelele. Alianguka, akaamka, akapanda mbio mpaka barazani.

"Nyanya! Njoo uone, mawingu yako chini!"

Bi Barke akamvuta. Akamgeuza, akaweka sikio lake mgongoni mwa mtoto, kati ya mabega. Akasikiliza. Akahamisha sikio upande wa pili, akasikiliza tena, na nikamwona akifumba macho kama kule kwenye basi, ila safari hii midomo haikuvuta uradi. Ilitetemeka tu.

"Nyanya, sikio lako baridi," Mwanasaumu akacheka, akajinasua akakimbia.

Kule sokoni basi likapiga honi. Nikasimama kuyachukua masanduku.

Honi ikalia tena. Dorcas akatokeza kichwa jikoni. "Mama, basi hilo laondoka."

"Na liondoke," Bi Barke akasema, pasi kutuangalia. "Nitasafirije na mafuta yangu yamekuwa jiwe? Nangoja yayeyuke."

Tukalisikia likinguruma, likashuka kona ya kwanza, na ya pili.

"We Kulthum."

"Abee, mama."

"Chukua chupa hii uiweke juani. Na dirisha la chumbani, mbona umelifunga?"

Sikuwa nimelifunga, lilibamizwa na upepo wa alfajiri. Lakini sikumjibu hivyo. Nikaenda nikalifungua.