Mapipa Chumbani kwa Mwali

Nyumba ya Bi Shufaa ilijaa hadi mtu anakanyaga mguu wa mwenzake. Harusi ya bintiye Miza ilibakiza siku tatu, wageni wa Pangani wamekwishatua, na mapipa manne ya siki ya mananasi ya Kiwangwa hayakupata pa kukaa ila chumba cha ndani, alikotiwa mwali. Humo dirisha hufungwa likazibwa kwa khanga, maana mwali haonwi.

Siki ilikuwa imelala kimya, haichachi. Juzi Bi Shufaa aliona haitawahi harusi, akayeyushia sukari guru kila pipa, akaregeza vifuniko.

"Umeiamsha hamira iliyomo, shangazi," alisema Wahida, aliyefika asubuhi hiyo kutoka chuoni anakosomea mambo ya vijidudu. "Hamira haina ulimi, lakini sukari inaijua. Ikikosa chakula hujikunyata, haikui, haizai. Ikihisi utamu tu, inakula, inazaana, na inatoa hewa bila kupumzika."

"Basi itajamba harusi nzima!" akadakia jirani, Bi Swaumu. Wanawake wakaangua kicheko.

Adhuhuri Bi Swaumu akaingia na chetezo kumfukiza Miza mkekani. Akatoka nacho, makaa yamezimika. "Makaa gani haya?" Akatia mengine. Alipokiweka tu sakafuni, yakazimika tena.

"Mwenzangu, humu mna jicho. Yule mtalaka wa bwana harusi jana hakugusa hata tende!"

Mmoja akataka shehe aitwe.

"Miza anasemaje?" aliuliza Bi Shufaa.

"Atasema nini? Kalala. Tangu alfajiri analalamika kichwa."

Wahida akaacha kula. "Shangazi, mapipa mmeyaweka wapi?"

Bi Shufaa akaelekeza kidole chumba cha ndani.

"Hewa ile ni nzito. Inatuama chini, kama maji; inazima moto, inakata pumzi."

Bi Shufaa akauendea mlango. Bi Swaumu akamdaka mkono. "Wanaume wamo ukumbini! Watamwona!"

"Na wamwone!"

Akairarua khanga, akasukuma dirisha. Mapipa yalikuwa yakitokota bila moto. Akamshika Miza kwapani, akamburuta hadi barazani, kichwa wazi, singo aliyosuguliwa imemganda mashavuni, mbele ya wakwe.

"Miza! Itika, mama!"

Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Kifua kikapanda mara moja, kikashuka. Nyumba nzima, iliyokuwa na maneno tangu asubuhi, ikanyamaza, ikingoja kifua kiinuke tena.